Nyanya zangu zinanyauka majani yakiwa bado ya kijani: nifanye nini na bustani hii ndogo ya Pasua?

MamaPasua (Moshi)

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Pasua, hapa Moshi, katika nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo kwa nyuma, ambao nikiupima kwa hatua unafika kama mita 4 kwa 6. Mwaka jana, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, niling'oa majani yote na kutengeneza bustani ya mboga ili nipunguze fedha ninayopeleka sokoni kila siku kwa ajili ya watu sita: mimi, mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe. Nina matuta matatu. La kwanza ni la nyanya, la pili lina sukuma wiki na chinese, na la tatu ni la mchicha. Pembeni, karibu na ukuta, kuna mpapai mmoja.

Nyanya za kwanza nilizipandikiza mwezi Juni wakati wa baridi, nazo zikanipa mavuno mazuri. Nilipopandikiza tena mwishoni mwa Oktoba mambo yalibadilika. Mashina yalikuwa 24, yakakua kwa afya, yakatoa maua na matunda ya kwanza yenye ukubwa wa gololi. Ndipo siku moja saa sita mchana nikakuta shina moja lililo karibu na bomba limelegea lote, kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Jioni likasimama tena, nikadhani ni jua tu. Siku ya pili likalegea mapema zaidi, na siku ya tatu halikuinuka. Kilichonishangaza ni kwamba majani hayakuwa na doa wala umanjano, yalikuwa ya kijani kama kawaida. Baada ya hapo yakafuata mashina ya jirani, moja baada ya jingine, na sasa yamekwisha kufa 11.

Nilikwenda katika duka la pembejeo nikaeleza, nikauziwa dawa ya ukungu, nikapulizia mara tatu kama nilivyoelekezwa, bila nafuu yoyote. Jirani aliniambia kwamba ni kiu, nikaongeza maji, na nikaona hali inazidi kuwa mbaya. Maji yenyewe ninayapata kwa shida, kwa sababu bomba halitoki kila siku na ankara ninailipa mwenyewe, kwa hiyo sitaki kupoteza hata tone: maji ya kusuuzia vyombo, ya kuoshea mboga na ya kuoshea viazi, yote huishia bustanini.

Naomba kujua huu ni ugonjwa gani, na kama niache kabisa nyanya nipande kitu kingine. Vilevile, mpapai wangu una mwaka mmoja na nusu, hutoa maua mengi sana yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, kisha yote hudondoka. Sijapata hata papai moja. Je, unakosa mbolea?

MkulimaWaNjiro (Arusha)

Pole sana dada. Ninakuelewa, kwa sababu hakuna kinachouma kama kupoteza nyanya ambazo zimekwisha kushika matunda. Mimi ninaishi Njiro na uwanja wangu ni mdogo kuliko wako, kwa hiyo nitakueleza kilichonisaidia.

Kwanza, using'ang'anie matuta tu. Bustani ya gunia itakupa mboga nyingi katika eneo la hatua moja, na inaokoa maji. Chukua gunia la kilo 100, changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, kisha tafuta kopo kubwa la rangi lililooshwa na ukikate kitako chake chote kitoke. Lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo nje yake hadi ulingane na kimo cha kopo, halafu livute juu taratibu: kokoto zitabaki katikati kama nguzo, na udongo utazizunguka. Rudia hivyo mpaka gunia lijae. Maji unayomimina juu ya kokoto hushuka ndani na kusambaa hadi chini, badala ya kulowanisha sehemu ya juu peke yake. Toboa matundu ubavuni, kila moja likiwa mbali na jingine kwa shubiri moja, upandikize miche ya sukuma wiki au spinachi. Gunia langu moja lina miche zaidi ya 30, nami huchuma mara mbili kwa wiki, nikianza na majani ya chini na kuacha kilele kiendelee kukua.

Pili, mwagilia asubuhi, na utandaze majani makavu ya migomba au nyasi ili udongo usikauke.

Tatu, kuhusu tuta la nyanya, ningekushauri ulipumzishe kwa kupanda mnavu na ngogwe. Ni mboga zetu za asili, ni ngumu na hazihitaji kupuliziwa dawa kila mara. Nyanya ukitaka kuzirudia, tafuta mbegu ya Tengeru 97, ambayo inasifika kwa ustahimilivu wake.

BwanaShambaMstaafu (Tengeru)

Mwanangu wa Pasua, pole na hasara. Ndugu yetu wa Njiro ameeleza gunia vizuri na sina la kuongeza hapo. Hata hivyo, ninaomba usipande mnavu wala ngogwe katika tuta hilo kabla hatujajua lina nini, na nitaeleza sababu.

Mnyauko wa nyanya una vyanzo vingi, na dawa uliyouziwa ingeweza kusaidia katika baadhi tu ya hivyo. Muuzaji alipaswa kukuomba umpelekee shina zima pamoja na mizizi kabla ya kukuuzia chochote. Kwa maelezo yako ninashuku mnyauko bakteria. Dalili yake kubwa ni hiyo uliyoiona: mmea unalegea ghafla mchana wa jua ukiwa wa kijani, unainuka jioni, kisha baada ya siku chache hauinuki tena. Mnyauko fuzari, ambao huletwa na ukungu wa udongoni, huenda polepole, nao huanza kwa majani ya chini kuwa ya njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea. Minyoo fundo nayo hudumaza mmea, na ukiung'oa utakuta mizizi ina vinundu vinundu kama shanga.

Usikubali neno langu bila kuhakikisha. Kesho asubuhi ng'oa shina lililoanza kulegea leo, lisiwe lile lililokwisha kukauka. Suuza mizizi uitazame kama ina vinundu. Kisha kata kipande cha shina chenye urefu wa kidole, sehemu iliyo karibu na ardhi, ukifute kwa kitambaa. Jaza maji safi katika glasi inayoonyesha ndani, ukifunge kipande hicho kwa uzi na ukining'inize kutoka kwenye kijiti kilicholazwa juu ya mdomo wa glasi, ili ncha iliyokatwa izame kidogo tu ndani ya maji. Weka glasi mahali tulivu mbele ya kitu cheusi, usiitikise, na usubiri dakika tano hadi kumi. Kama ni bakteria, utaona uzi mweupe kama maziwa, au kama moshi wa ubani, ukishuka kutoka kwenye kipande kwenda chini. Kama ni ukungu au kiu, maji yatabaki kama yalivyo.

Sasa kuhusu mnavu. Mimea ina koo zake kama watu. Nyanya, mnavu, ngogwe, bilinganya, hoho, pilipili na viazi mviringo ni wa ukoo mmoja, na bakteria huyu anaweza kuwashambulia wote. Hata matunda damu, ambayo watu wengi huyachukulia kama tunda la mti lisilohusiana na mboga, ni ndugu wa karibu wa nyanya. Kwa hiyo mtu akitoa nyanya na kuweka mnavu atakuwa anafikiri amebadilisha zao, kumbe amemletea mgonjwa mdogo wake alale kitanda kilekile.

Tengeru 97 ninaifahamu na ninaiheshimu, kwani ilitolewa rasmi mwaka 1997 kutokana na utafiti uliofanyika hapahapa kwetu, nayo inastahimili mnyauko fuzari na minyoo fundo. Lakini mnyauko fuzari na mnyauko bakteria ni magonjwa mawili tofauti, na ustahimilivu wa mmoja hauwi ngao ya mwingine.

Nina swali moja, na ninakuomba ulijibu kwa makini. Umesema maji ya kuoshea viazi unayamwaga bustanini. Ni viazi kiasi gani, na maganda yake unayatupa wapi?

MamaPasua (Moshi)

Shikamoo mzee. Nakushukuru sana kwa muda wako.

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Mizizi haikuwa na kinundu hata kimoja. Kipande cha shina nilikining'iniza kwa uzi, nikaweka nyuma ya glasi daftari jeusi la mwanangu, tukakaa kutazama pamoja na mama mkwe. Dakika kama tatu hapakuwa na kitu. Kisha ukashuka uzi mwembamba mweupe kutoka kwenye ncha, ukasimama katikati ya maji, ukafuatiwa na mwingine, na baada ya muda mfupi maji ya chini ya glasi yalikuwa meupe kama yaliyotiwa tone la maziwa. Nilirudia kwa shina ambalo bado lina afya kabisa, lililo mwisho wa tuta, na maji yakabaki safi.

Kuhusu viazi, mume wangu ana kibanda cha chipsi. Viazi humenywa hapa nyumbani kila asubuhi, karibu debe moja, kwa sababu kibandani hakuna maji. Viazi huja na udongo wake kutoka shambani, kwa hiyo maji ya kwanza huwa meusi ya tope. Nilikuwa ninayamwaga kwenye nyanya nikiamini kwamba udongo wa milimani una rutuba, na maganda nilikuwa ninayafukia katikati ya mistari yawe mboji. Mara nyingine viazi vilivyooza navyo nilivifukia humohumo. Nilianza kufanya hivyo mwezi Agosti, kibanda kilipofunguliwa. Mzee, je, mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa huu?

BwanaShambaMstaafu (Tengeru)

Marahaba mwanangu. Umefanya kipimo vizuri, hasa kwa kulinganisha na shina lenye afya, jambo ambalo wengi hulisahau. Huo ni mnyauko bakteria.

Ndiyo, kwa maelezo hayo njia iliyo karibu zaidi ni viazi. Bakteria huyu hukaa ndani ya kiazi ambacho kwa nje kinaonekana kizima, pia husafiri katika udongo ulioshika ganda na katika maji yaliyopita juu yake. Usijilaumu, kwa kuwa ulikuwa unatunza maji na unatafuta rutuba, na mtu yeyote mwenye busara angeweza kufanya hivyo. Inaeleweka pia kwa nini nyanya za Juni zilipona: udongo ulikuwa bado haujapokea maganda hayo, na isitoshe bakteria huyu hupenda joto na unyevu. Zile za Oktoba zilikutana na joto la Moshi, mvua za vuli na ndoo za maji uliyoongeza kwa kudhani ni kiu. Maji yale yalimsaidia kusogea kutoka shina hadi shina, ndiyo maana yalianza kufa yale yaliyo karibu na bomba.

Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya mmea ulioambukizwa, kwa hiyo usitumie tena fedha yako huko. Ng'oa mashina yote yaliyolegea pamoja na udongo ulioshikana na mizizi, uyakaushe juani juu ya bati na kuyachoma. Usiyatie katika shimo la mboji wala usimpe jirani mwenye ng'ombe. Jembe, koleo na viatu vioshe kwa sabuni baada ya kutoka katika tuta hilo kabla ya kuingia katika matuta mengine. Maganda, kama unataka kuyatumia, yachemshe kwanza hadi yaive, ndipo uwape kuku au uyatie kwenye mboji. Maji ya viazi yapeleke kwenye shimo la maji machafu, hata kama roho inauma.

Sasa tuko Januari, na hilo ni jambo jema kwako, kwa maana Januari na Februari ndio wakati wa jua kali la Moshi kabla ya masika. Lainisha tuta la nyanya, limwagilie hadi lilowe vizuri, kisha ulifunike kwa nailoni angavu inayopitisha mwanga, na kingo zake zote uzifukie kwa udongo ili joto lisitoke. Iache wiki sita. Watu wengi hutumia nailoni nyeusi kwa kudhani inashika joto zaidi, lakini nyeusi hulizuia jua lisifike udongoni, wakati ile angavu huliruhusu lipenye na kuupasha joto udongo wenyewe. Njia hii hupunguza bakteria kwa kiasi kikubwa katika tabaka la juu, ingawa haiwamalizi, kwa kuwa wengine wamejificha chini zaidi.

Baada ya hapo, tuta hilo lisione mmea wa ukoo wa nyanya kwa miaka mitatu au zaidi. Panda mchicha, sukuma wiki, figili, karoti, vitunguu, kunde, maboga, bamia au matembele. Na mnavu mwitu ukiota wenyewe, ung'oe ungali mdogo, kwa sababu bakteria huweza kuishi ndani yake huku wewe ukidhani tuta limepumzika.

Nyanya usiziache kabisa. Zipande katika ndoo au viroba vilivyowekwa juu ya matofali, visigusane na ardhi ya uwanja, kwa udongo uliotolewa mahali ambapo hapajawahi kulimwa nyanya wala viazi. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha shina moja. Hapa Arusha kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, ambacho ofisi yake ya Afrika imekuwapo tangu 1992, kimeendeleza pia mbinu ya kubebesha nyanya juu ya shina la bilinganya linalostahimili ugonjwa huu. Ukikutana na miche ya namna hiyo kwa mtu unayemwamini, ipande bila kufukia mahali pa kiungo, kwani nyanya ikitoa mizizi yake yenyewe udongoni, faida yote ya kubebesha inapotea.

MkulimaWaNjiro (Arusha)

Mzee, shikamoo, na ninashukuru kwa kunisahihisha. Dada, ninakuomba radhi kwa ushauri wa mnavu. Miaka yote nilihesabu mnavu kuwa mboga ya majani kama mchicha, na sikuwahi kufikiri juu ya maua yake, ambayo kweli ni kama ya nyanya ukiyatazama kwa karibu.

Ninaongeza jambo moja tu kwa wasomaji wa Arusha, wasije wakachanganya. Kwetu huku juu, katika baridi na ukungu wa Juni na Julai, nyanya nyingi hufa kwa baka jani chelewa, ambalo huanza na madoa makubwa ya kahawia kama yaliyolowa maji kwenye majani na mashina, na huo kweli ni ugonjwa unaozuilika kwa dawa ukiwahi. Mimi nimejenga kichanja cha nailoni juu ya ndoo zangu ili umande usikae juu ya majani, na hali imekuwa nzuri zaidi.

BibiWaKibosho (Moshi Vijijini)

Mwanangu, hujajibiwa kuhusu mpapai, na mimi ninalo la kusema.

Mpapai wako haukosi mbolea. Ni dume. Mpapai dume hutoa maua mengi madogo kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, kama ulivyoeleza. Mpapai jike hutoa ua kubwa lililokaa karibu kabisa na shina, na chini ya ua hilo utaona kitunda kidogo cha duara tangu mwanzo. Wapo pia wa jinsia mbili, ambao ua lao ni refu kidogo na tunda lao huwa refu. Dume hilo hata ukilipa samadi ya ng'ombe kumi halitazaa papai la kuliwa. Kama majirani wana majike yasiyo na dume karibu, liache liwasaidie kwa chavua. Kama sivyo, likate.

Ukipanda upya, chukua mbegu za papai tamu, uzisugue kwa jivu na uzisuuze mpaka ule ute unaozizunguka utoke, kwa sababu ute huo huchelewesha kuota. Panda miche mitatu katika shimo moja, ukiacha nafasi kidogo kati ya mche na mche, na using'oe wowote kabla ya kuona ua. Miche ikianza kutoa maua, yaani baada ya miezi mitano hadi minane hivi, utajua lipi ni dume, na hapo ndipo uchague wa kubaki. Watu hung'oa mapema mche mwembamba na kubakiza ulionenepa, kumbe ule uliong'olewa ndio ulikuwa jike. Usipande mahali panapotuama maji, kwa maana mizizi ya papai huoza upesi.

Jambo la pili ni mpangilio. Sisi huku mlimani tumelelewa ndani ya kihamba. Juu kuna miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga, vyote katika eneo moja, na pembeni masale ya kuonyesha mpaka. Mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wa dunia, lakini bibi zetu walikuwa wanajua thamani yake kabla ya hapo. Huna nafasi ya kihamba, lakini una nafasi ya kujifunza kutoka kwake. Weka mgomba mmoja wa mchare pale maji ya kusuuzia vyombo yanapotoka. Mgomba hupenda maji, utakupa ndizi za machalari, kivuli cha mchana kwa mchicha na sukuma wiki, na majani ya kutandaza. Pasheni ipandishe kwenye ukuta. Ila maji yenye sabuni nyingi ya unga wa kufulia usiyamwage hata kwa mgomba, kwa sababu chumvi zake huharibu udongo taratibu.

Na udongo wa ndoo zako, kama una ndugu mlimani, mwombe udongo wa chini ya migomba mizee. Uliza kwanza kama hapo hapajawahi kupandwa viazi mviringo, kwani siku hizi hata vihambani watu wanavipanda.

MamaPasua (Moshi)

Shikamooni wazee wangu, na asante kaka wa Njiro, wala usiwe na wasiwasi, kwani ushauri wa gunia nimeutumia tayari.

Nimeng'oa mashina yote 24, hata yale yaliyokuwa yakionekana mazima, kwa sababu niliona si busara kuyaacha wakati nataka kufunika tuta. Nailoni angavu nimeinunua kwa mita, tumefunika jana asubuhi, na leo mchana nilipoweka mkono juu yake sikuweza kuushikilia kwa muda mrefu. Jioni ndani yake kulikuwa na matone ya maji upande wote wa chini. Mume wangu amekubali maganda yawe yanachemshwa, na ametengeneza mfereji mdogo unaopeleka maji ya viazi kwenye shimo. Mpapai tumeukata. Mama mkwe ndiye aliyeumia zaidi kwa habari ya mnavu, kwa sababu ndiyo mboga anayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nimemwahidi kwamba atapata wake katika gunia lenye udongo wa mlimani, mbali na matuta.

Nimebaki na maswali mawili. Mashina yale niliyoyang'oa yalikuwa na nyanya kubwa, zote pamoja kama kilo tatu hivi, nyingine zimeanza kuwa nyekundu. Je, zinaweza kuliwa, au zitatudhuru? Na sukuma wiki za tuta la pili, ambazo zimepakana kabisa na tuta la ugonjwa, je, nizing'oe?

BwanaShambaMstaafu (Tengeru)

Marahaba. Nyanya hizo zioshe na uzipike bila hofu, kwa kuwa bakteria huyu ni wa mimea na hamdhuru mtu. Zilizo changa zinafaa kwa kachumbari ya kupika au achari. Maganda na mbegu zake ndivyo usivitupe uwanjani: vichome pamoja na yale mashina. Na usikaushe mbegu za nyanya hizo kwa ajili ya kupanda, hata kama tunda linaonekana zuri.

Sukuma wiki usizing'oe. Si za ukoo wa nyanya, hazitaambukizwa, endelea kuchuma kama kawaida. Chimba tu mfereji wenye kina cha koleo moja kati ya matuta hayo mawili, ili mvua za masika zikianza, maji ya tuta la nyanya yasipite juu ya lile la pili kuelekea kwenye ndoo na magunia yako.